Sikio Linalouma Halitiwi Kitu: Maneno Niliyowaambia Wazazi na Wavuvi wa Sahare, Tanga

(Niliyasema haya jioni moja baada ya swala ya alasiri, kwenye mwalo wa Sahare jijini Tanga. Walikuwapo kina mama waliokuwa wakisubiri ngalawa, wavuvi waliokuwa wakitengeneza nyavu na wazee wa barazani. Nimeyaandika yalivyotoka, pamoja na baadhi ya maswali yaliyonikatiza njiani.)

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, dada zangu, na nyinyi kaka zangu wa baharini, assalaam alaykum. Nawashukuru kwa kunipa saa hii, nami najua maji yanajaa na ngalawa zaja.

Naanza na usiku mmoja ambao kila mama aliyekaa hapa anaujua. Mtoto amelala vizuri baada ya isha. Ana mafua ya siku tatu, mafua tu, kamasi zinamtoka. Saa sita za usiku anaamka kwa yowe. Ukimlaza alia zaidi, ukimbeba begani anatulia kidogo. Ukimpa titi analishika, anavuta mara mbili, analiachia na kulia, maana kunyonya kwenyewe kunamuuma. Anavutavuta sikio, anapeleka kichwa huku na huku. Mwili wamoto. Nyumba nzima iko macho: bibi asema ni meno, shangazi asema ni jicho la watu, baba ametoka kutafuta duka la dawa lililo wazi. Inafika alfajiri, mwadhini anaadhini, mtoto ananyamaza ghafla. Analala. Mama akimtazama anakuta mto umelowa maji ya njano yenye harufu. Anashusha pumzi, anasema alhamdulillah, limepasuka, sasa atapona.

Hapo ndipo ninapotaka tusimame leo.

Mji wetu una msemo wake, waja leo waondoka leo. Maumivu ya sikio nayo tunayachukulia hivyo hivyo. Yamekuja usiku, asubuhi yameondoka, basi yamekwisha. Lakini kilichopasuka alfajiri ile si jipu. Ni kiwambo cha ngoma ya sikio. Maumivu yameondoka kwa sababu usaha uliokuwa umebanwa umepata njia ya kutokea, na njia yenyewe ni tundu kwenye kitu ambacho mtoto anakihitaji ili asikie. Mara nyingi tundu hilo huziba lenyewe kwa wiki chache likitunzwa. Lisipotunzwa hubaki wazi, na hapo mtoto huanza safari ndefu ambayo mwanzoni haina kilio, kwa hiyo hakuna anayeshtuka.

Nimefanya kazi ya uafisa tabibu kwa miaka mingi, sehemu kubwa nikiwa kwenye chumba cha masikio, pua na koo. Mngeniambia niseme neno moja kisha niondoke, ningesema hili: sikio linalouma halitiwi kitu mpaka litazamwe ndani. Mengine yote nitakayosema ni maelezo ya neno hilo.

Sikio lenyewe likoje? Hili pambo la nje mnaliona, na ndewe yake mnayoitoboa kwa ajili ya herini. Kutoka hapo kuna tundu, kwa mtu mzima lina urefu wa sentimita 2 na nusu hivi. Mwisho wa tundu ndipo kilipo kiwambo. Upana wake ni kama sentimita 1, unene wake ni kama wa karatasi ya daftari. Kikiwa kizima, ukikimulika kwa kile chombo chetu chenye taa, chang'aa rangi ya ndani ya kombe la chaza. Kinapendeza, nasema kweli. Kikiwa na ugonjwa kinakuwa chekundu, kimevimba kuelekea nje, na ule mng'ao umepotea. Nyuma yake kuna chumba kidogo chenye hewa, na humo mna mifupa mitatu iliyoshikana: nyundo, fuawe na kikuku. Hicho kikuku ndicho mfupa mdogo kuliko yote mwilini, milimita 3 hivi, na mtoto azaliwa nacho kikiwa tayari na ukubwa wake wa utu uzima. Kiwambo kikitikisika, mifupa hii hupokezana mtikisiko mpaka ndani kabisa, na ndivyo tunavyosikia.

Chumba kile kina mlango mwingine msiouona. Ni mrija mwembamba unaoshuka mpaka nyuma ya pua. Bartolomeo Eustachi, tabibu wa Italia wa miaka ya 1500, ndiye aliyeueleza kwa undani, na mpaka leo waitwa kwa jina lake. Kazi yake mnaijua bila kuambiwa. Mkipanda basi la Lushoto, likianza kukwea kutoka Mombo kwenda Soni, masikio yanaziba. Ukimeza mate au ukipiga miayo, yanazibuka. Hapo mrija umefunguka, hewa ya ndani na ya nje zimelingana.

Mrija wa mtu mzima umelala mteremko. Wa mtoto mdogo ni mfupi na umelala karibu sawasawa, kwa hiyo vijidudu vya mafua hupanda kutoka puani bila kikwazo, na mafua yakiuvimbisha hufunga maji ndani ya chumba kile. Maji yaliyotuama yakiingia vijidudu yanakuwa usaha. Ndiyo maana watoto wa miezi 6 hadi miaka 2 ndio wanaoumwa zaidi, na ndiyo maana ugonjwa huu huja mgongoni mwa mafua. Chanzo chake si upepo wala maji ya kuoga, mama zangu. Umetokea puani.

Basi tiba. Kwanza maumivu, maana kuna watu hukimbilia antibayotiki wakasahau kwamba mtoto ana uchungu sasa hivi. Parasetamoli hupimwa kwa uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 10 hupata miligramu 100 hadi 150 kwa mara moja, kila baada ya saa 6, isizidi mara 4 kwa siku. Someni chupa, maana dawa za maji hazilingani nguvu, na kijiko cha chai cha nyumbani si kipimo. Aspirini msimpe mtoto. Kitambaa kilichochovywa maji ya uvuguvugu na kukamuliwa, kikawekwa juu ya sikio kwa nje, kinasaidia, na hili bibi zetu walilijua siku nyingi. Mtoto akae ameinuliwa kichwa.

Kisha aletwe atazamwe. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano mwenye maumivu ya sikio, au usaha ambao haujafikisha siku 14, mwongozo tunaoufuata kwenye zahanati ni antibayotiki kwa siku 5, mara nyingi amoksilini, na arudi siku ya tano atazamwe tena. Hiyo siku ya tano ndiyo inayopotea. Mtoto akicheza siku ya pili, dawa inawekwa kwenye kabati imngoje mdogo wake. Naomba kwa heshima zote tusifanye hivyo. Na kwa wakubwa niseme upande wa pili: si kila sikio linalouma linahitaji antibayotiki. Mengine huletwa na virusi na hupoa ndani ya siku mbili tatu kwa dawa ya maumivu tu. Anayeweza kukwambia tofauti ni yule aliyemulika ndani. Muuza duka aliyekutazama usoni hawezi.

Na sikio linalotoka usaha? Hapa nitatulia kidogo, maana ndipo kazi ya nyumbani ilipo. Naomba mama mmoja asogee. Ahsante, dada. Hiki ni kipande cha khanga kuukuu, kimefuliwa, kimeanikwa juani kikakauka. Khanga mpya haifai, ina wanga, haifyonzi. Nachana ukanda mwembamba, nausokota kati ya vidole kama unavyosokota utambi wa kibatari, ncha ikiwa laini. Nauingiza taratibu mlangoni mwa sikio, si kusukuma, ni kuuweka tu. Nahesabu kidogo. Nautoa. Tazameni ulivyolowa. Huu nautupa, nasokota mwingine. Mwingine tena. Mpaka utoke mkavu. Mara 3 kwa siku, kila siku, mpaka sikio liwe kavu. Siuweki ukabaki humo siku nzima, na sitii pamba kuziba, maana usaha ukizibiwa hurudi ndani. Na situmii kijiti chenye pamba, kwa sababu kijiti kina nguvu na mtoto hatulii.

(Mama aliyesogea alijaribu mwenyewe kwa mwanawe. Alisokota utambi mnene kama kidole, wenzake wakamwelekeza, wa pili ukatoka mzuri kuliko wangu.)

Mnaona kwamba hakuna fedha hapo. Ni nguo ya zamani, mikono iliyonawa kwa sabuni, na subira.

Usaha ukifikisha siku 14 bila kukauka, jambo limebadilika jina. Huo sasa ni ugonjwa sugu, na dawa ya kunywa peke yake haiuwezi. Hapo tunakausha kwa utambi kwanza, halafu tunatia matone, na matone yanayofaa ni yale ya siprofloksasini, kwa wiki mbili. Matone yenye jentamaisini msijinunulie, maana dawa hiyo ikipita kwenye tundu la kiwambo ikafika ndani inaweza kuua usikivu wenyewe. Nayo yauzwa dukani kwa bei ndogo, na muuzaji hakuulizi kama ngoma yako nzima au imetoboka. Nimelisema hili kwenye vikao vingi na nitazidi kulisema.

Ukitia matone, ishike chupa kiganjani kwanza ipate joto la mwili, maana dawa ya baridi humpa mtu kizunguzungu. Mgonjwa alale ubavu. Sikio la mtoto vuta kwa nyuma na chini, la mtu mzima vuta juu na nyuma, ili njia inyooke. Ukishatia, bonyeza mara kadhaa hicho kinyama kidogo kilicho mbele ya tundu, dawa ishuke. Abaki amelala dakika 5. Bila kukausha kwanza, matone huelea juu ya usaha, na pesa yako imekwenda.

Mzee mmoja hapa ananiambia, mwanangu, mbona sisi tulitiwa mafuta ya nazi na tukapona? Swali zuri, baba yangu. Mlipona kwa sababu wengi hupona wenyewe. Wale ambao hawakupona hawako hapa kutusimulia. Au wako, lakini hawajasikia swali.

Nimekuta ndani ya masikio ya watoto wa mji huu mafuta ya nazi ya moto, kitunguu saumu kilichopondwa, maji ya mvumbasha, maziwa ya mama, mafuta ya taa, na mara moja kipande cha unyoya wa kuku kilichokatikia humo. Sijamdharau hata mmoja aliyetia. Kila aliyetia alikuwa macho usiku, mtoto wake analia, na mkono mtupu ni mzito. Lakini kiwambo kikiwa kimetoboka, chochote ulichomimina kimeingia chumba cha ndani, kwenye ile mifupa. Na kikiwa kizima, ulichomimina hakikufika kwenye ugonjwa, kwa sababu ugonjwa uko nyuma yake. Kwa vyovyote umekosa.

Sasa niwaambie kwa nini jambo hili lanikera hata nikalifanya kazi ya maisha.

Tulikulia Ngamiani, kwenye mojawapo ya zile barabara za namba. Mdogo wangu wa kiume sikio lake lilianza kutoka usaha akiwa hajatimiza miaka miwili. Nyumbani alitiwa mafuta ya nazi yaliyochemshwa na kitunguu saumu, kwa mapenzi yote ya dunia. Likakauka, likarudi. Masika yakija latoka, kaskazi likivuma lakauka. Ikawa ni tabia yake, kama mtu mwenye alama usoni: yule wa sikio. Baadaye na la pili likafuata. Alichelewa kusema, na aliposema maneno yalimtoka nusu. Mama akimwita kutoka uani haitiki. Shuleni, nayo shule siitaji, alikaa dawati la nyuma kabisa, na mwalimu alikuwa na neno lake juu yake: huyu hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Darasa lote linacheka. Siku moja alipigwa kofi, likatua palepale kwenye sikio. Alirudi nyumbani kola ya shati ina damu na usaha. Darasa la tano akaacha shule.

Leo ni fundi mashua, fundi hodari. Ukitaka kusema naye unakaa upande wa kulia na unamtazama usoni. Hakuwa mkaidi, wazee wangu. Alikuwa hasikii. Na hakuna hata mmoja kati yetu, mimi dada yake nikiwemo, aliyeunganisha ule usaha wa sikio na lile dawati la nyuma.

Kwa hiyo yule mtoto mnayemwita mara tatu asiitike, anayeongeza sauti ya redio, anayekaa akitazama mdomo wako unaposema, msimkaripie kabla hamjamleta. Na kofi la sikio liwe haramu majumbani na madarasani. Kofi husukuma hewa yote ya tundu kwa pigo moja ikapiga kiwambo, na kiwambo kizima kabisa hupasuka. Nimewaona watoto wa namna hiyo, na wake za watu pia. Nitaishia hapo, wenye kuelewa wameelewa.

Shirika la Afya Duniani katika ripoti yake ya 2021 kuhusu kusikia lilisema watu zaidi ya milioni 430 duniani wanahitaji huduma kwa sababu ya kupoteza usikivu, na kwamba kwa watoto karibu asilimia 60 ya tatizo hilo hutokana na mambo yanayoweza kuzuilika. Nikiisoma asilimia ile naona sura moja tu.

Mama mmoja aliwahi kuniambia, akiwa amemshika binti wa miaka minane ambaye sikio lilikuwa likitoka usaha tangu kutambaa: dokta, mwache tu, sikio la kufa halisikii dawa. Methali hiyo ni ya mtu asiyeshika nasaha, haikuwekewa nyama na mfupa. Binti yule tulimkausha, tukamtia matone, tukarudia. Sikio lilipokaa kavu kwa miezi akapelekwa kwa daktari bingwa, kiwambo kikazibwa kwa utando uliotolewa nyuma ya sikio lake mwenyewe. Tundu la miaka linazibika. Sikio lake lilisikia dawa.

Yapo ambayo hayangoji kesho. Uvimbe unaouma nyuma ya sikio, mpaka sikio limesukumwa mbele na limesimama: usaha umeingia kwenye mfupa, nenda hospitali saa hiyo hiyo, Bombo au iliyo karibu nawe. Shingo kukakamaa, kichwa kuuma sana na kutapika, uso kupinda upande mmoja, kizunguzungu cha kushindwa kusimama, hayo pia. Na usaha wenye uvundo mbaya usiokoma kwa dawa yoyote usiuzoee, maana kuna ugonjwa unaokula mfupa taratibu bila kuuma.

Kaka zangu wa baharini, mmekaa kimya mkidhani hii ni hotuba ya watoto wachanga. Yenu ni haya.

Sikio la mzamiaji huuma kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya tundu la nje. Maji yakikaa humo kila siku, ngozi inalainika kama vidole vya mfua nguo, inachanika, vijidudu vinaingia. Dalili yake ni rahisi: shika ndewe uvute, au bonyeza kile kinyama cha mbele. Ukiruka kwa maumivu, ugonjwa uko nje ya kiwambo. Kama lawasha kuliko linavyouma na kuna kitu kama unga au nukta nyeusi, hiyo ni kuvu, na joto letu la pwani na unyevu wake vinaipenda sana. Zote mbili zina dawa ya kutia, kila moja na yake, na dawa ya moja haiponyi nyingine, bali matone ya antibayotiki yakitiwa ovyo huinawirisha kuvu. Ukitoka majini, inamisha kichwa upande huu na huu, maji yatoke, futa nje kwa nguo. Usichokonoe. Njiti ya kiberiti, funguo na kofia ya kalamu vimenipa wagonjwa wengi kuliko bahari.

Nta msiipige vita. Mwili huitengeneza kuilinda ngozi hiyo, na hutoka yenyewe polepole. Kijiti huisukuma ndani ikashindiliwa mpaka ikaziba.

Njia ya pili ni ya shinikizo la maji. Ukishuka mita 10, pima 5 na nusu hivi, uzito unaokubana umekuwa mara 2 ya ule wa juu. Kiwambo chasukumwa ndani, na usipofungua ule mrija wa Lushoto kitauma, kisha kitatoa damu, kisha kitapasuka. Kinapopasuka chini maji baridi yanaingia ndani, dunia inazunguka, hujui juu ni wapi. Hapo mtu hufa si kwa sikio bali kwa kupotea. Basi ziba pua kwa vidole, pumulia taratibu huku mdomo umefunga, na fanya hivyo mapema, kila pima moja, kabla hayajaanza kuuma. Yakigoma, panda kidogo ujaribu tena. Yakigoma tena, rudi chomboni. Na mwenye mafua asizamie. Najua bamvua haingoji mafua yako yapone, na pweza wa leo ni unga wa leo. Ila mrija uliovimba haufunguki kwa ubishi.

Na baruti. Bahari hii ya kwetu imepigwa baruti kwa miaka mingi, mwajua kuliko mimi. Mlipuko mmoja karibu na aliye ndani ya maji unapasua kiwambo na unaweza kuua mishipa ya kusikia, na mishipa ile haishonwi.

Bibi yangu pale ananiuliza kuhusu mdudu. Mende au sisimizi akiingia akiwa hai anapiga mbawa juu ya kiwambo, na mtu huona kichwa kinapasuka. Hapa, na hapa peke yake, mafuta yana nafasi: kama sikio halijawahi kutoka usaha wala kutoboka, tia matone ya mafuta ya kupikia ya uvuguvugu, mdudu afe, kisha uje atolewe. Harage au punje ya mahindi msitie maji, itavimba. Shanga msiifukuzie kwa pini. Na ile betri bapa ndogo ya saa au ya mwanasesere, hiyo ni mbio za saa hiyo hiyo, maana huunguza nyama ndani ya saa chache. Msitie tone la kitu chochote.

Wazee wangu, mkiumwa sikio na nikimulika nikalikuta zima, msinidhanie nimeshindwa. Jino la nyuma lililooza, koo, kiungio cha taya, vyote hupeleka maumivu sikioni, kwa kuwa mishipa yao ni ya ukoo mmoja. Mvuta sigara wa miaka mingi mwenye sikio linalouma wiki na wiki, na kumeza kunamuuma au sauti imekwaruza, aangaliwe koo upesi. Na mwenye kisukari, sikio likimuuma sana usiku asingoje asubuhi ya pili, maana kwake ugonjwa wa tundu la nje unaweza kushuka mpaka mfupani.

Kinga nayo ipo. Chanjo ya nimonia wanayopewa watoto wetu wiki ya 6, ya 10 na ya 14 inamlenga kijidudu kimoja kati ya vile vikubwa vinavyoumiza masikio, kwa hiyo kadi isikae sandukuni. Maziwa ya mama miezi 6 ya kwanza. Anayepewa chupa asinyweshwe amelala chali, maziwa hupanda kwenye mrija. Moshi wa sigara na wa kuni usikae chumba kimoja na mtoto.

Nimeona ngalawa mbili zimeshaingia, nami sitaki samaki waharibike kwa ajili yangu. Mkoba huu una ile taa. Nitakaa hapa chini ya mkungu mpaka magharibi, na kesho asubuhi zahanati itakuwa wazi kwa atakayekosa leo. Msilisafishe sikio kwanza ili lipendeze, mlete kama lilivyo. Bibi, huyo uliyemweka begani, naona ameshika sikio tangu nilipoanza. Haya, tuanze na yeye.